Habari ya Kuchora Wapigaji wa Ngoma Hapa Majengo

Ndugu wasomaji, watu wengi hudhani ya kuwa kuchora ni mchezo wa watoto, na kwamba picha ikiyapendeza macho imetosha, halipo la kuulizwa zaidi. Mimi nami naliwaza vivyo hivyo miaka mingi, na hali ni mwalimu niliyeshika chaki tangu ujana wangu. Leo nataka kueleza jinsi nilivyosahihishwa na mzee mmoja asiyejua kusoma, kwa ajili ya picha za wapigaji wa ngoma zilizochorwa katika mtaa wetu wa Majengo, mjini Songea. Nitazipima picha zile kadiri ya uwezo wangu, na mwisho nitajipima mwenyewe, kwa kuwa mwenye kupima kazi za wenziwe hana budi kukubali kuwekwa katika mizani ile ile.

Habari yenyewe ni hii. Walimu wachache, pamoja na kijana mmoja ambaye kazi yake ni kuchora mabango ya maduka, walianzisha darasa la kuchora kwa watu wote wa mtaa, wakubwa kwa wadogo, kila Jumamosi alasiri. Majuma ya kwanza watu walichora vitu vinavyokaa kimya: chungu, kikombe, jembe, benchi. Kazi hiyo ilikwenda vizuri, maana chungu hakichoki kukaa, wala hakigeuzi kichwa mtu akikitazama. Basi ikaonekana yafaa sasa kuchora watu, tena watu walio kazini. Wakaalikwa wapigaji wa aina mbili: mzee mmoja mpiga ngoma pamoja na wenziwe wawili, ambao Jumapili hupiga pamoja na kwaya, na penye sikukuu hupiga lizombe, ngoma ya Wangoni, kisha vijana wa mganda, ngoma ambayo asili yake huku kwetu ni pwani za Ziwa Nyasa. Wakakaa chini ya mwembe, na watu 22 wakawazunguka na karatasi zao, wengine na kalamu za risasi, wengine na makaa ya jikoni.

Ngoma ilipoanza naliona jambo ambalo sikulielewa mara moja. Wachoraji walikuwa wakizitazama karatasi zao kuliko walivyomtazama mzee. Jicho liliinuka upesi likashuka upesi, kama jicho la mtu anayechungulia mlangoni pa watu. Nikadhani ni uvivu. Kumbe haukuwa uvivu, ilikuwa adabu. Kwetu mtoto mwema hamkazii mzee macho. Huyainamisha anaposalimu, huyainamisha anapopokea, na akimkodolea mkubwa wake hukemewa. Twasema kwamba macho hayana pazia, lakini wazazi wetu walitushonea pazia hilo tungali wadogo, nalo si baya. Walakini kwa kazi hii lilikuwa kizuizi. Mzee mwenyewe ndiye aliyetambua. Akaikomesha ngoma, akasema, “Wajukuu zangu, mbona mwanichora kama watu wanaoiba? Leo nitazameni. Ruhusa nimewapa mimi.” Wakacheka, wakasogea karibu, na toka hapo kazi ikabadilika.

Ndugu walimu, naomba tulishike neno hilo kabla ya mengine yote. Ruhusa ile ilikuwa na kazi mbili. Ilimpa mchoraji uhuru wa kutazama, nayo ilimpa mzee heshima ya mtu aliyeombwa. Mtu anayechorwa bila kuulizwa amechukuliwa kitu chake.

Sasa nizipime picha zenyewe. Zilikuwa nyingi, nami nitanena juu ya nne tu.

Ya kwanza ilikuwa kazi ya kijana mmoja wa shule ya sekondari, mwenye mkono safi sana. Alichora ngoma yote na vigingi vyake kwa hesabu, na mahali ngozi ilipoanza kuchakaa. Alichora shati la mzee na vifungo vyake, na uso ukafanana naye hata mtu awaye yote wa Majengo angesema, “Huyu ni fulani.” Mikono ya mzee aliiweka juu ya ngozi, vidole kumi vimepangwa sawasawa kama vya mtu anayepimwa pete.

Ya pili ilikuwa ya mwanamke mmoja, fundi wa cherehani. Hiyo haikuwa safi. Uso ni kivuli tu, shati halina vifungo. Lakini mkono wa kuume ulikuwa na mistari mingi, mmoja juu ya mwingine: bega limeshuka, kiwiko kimetoka nje, kifundo kimelegea, na vidole vimechorwa mara tatu au nne mahali mbalimbali juu ya ukingo wa ngoma. Karatasi ilikuwa imechafuka kwa makaa.

Ya tatu ilikuwa ya kijana mwendesha pikipiki, aliyechagua mpigaji mmoja wa mganda aliyeshika kibuyu kinywani. Alimchora amesimama wima, shati jeupe, soksi ndefu, na mashavu yamevimba kama ya mpiga tarumbeta.

Ya nne ilikuwa ya mtoto wa darasa la tatu. Yeye hakumchora mtu mmoja. Aliwachora wote katika mstari, wapigaji na wachezaji na watazamaji, na mikono yote ni mikubwa kuliko vichwa, na ngoma zimechorwa kama zinavyoonekana na ndege aliye juu, duara tupu.

Nikaombwa mimi nichague picha za kutundikwa katika darasa, ili watu wazione Jumapili baada ya ibada. Ya kwanza nikaitundika mbele ya mlango, mahali pa heshima. Ya mganda nikaitundika kando yake. Ya mtoto nikaiweka chini, kwa kumtia moyo. Ya fundi wa cherehani sikuitundika. Nikaiweka ndani ya kabati pamoja na zilizosalia, nikajisemea moyoni kwamba huyu mama bado anajifunza.

Jumapili mzee akaja. Akasimama mbele ya picha ya kwanza kwa muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, huyu ni nani?”

Nikamjibu, “Ni wewe, mzee wangu.”

Akasema, “Shati ni langu. Ngoma ni yangu, hata ule ufa nauona. Lakini huyu hapigi. Huyu amechoka, ameiegemea ngoma apumzike.”

Sikuwa na jibu. Akauliza kama hakuna nyingine. Nikafungua kabati nikamletea lile fungu. Akazipitia moja moja, hata alipofika kwa ile iliyochafuka kwa makaa akaiweka juu ya meza, na mkono wake wa kuume ukaanza kupiga juu ya meza taratibu, vidole ukingoni, kisha kiganja katikati. Akasema, “Hapa nalikuwa naanza kuwaita wenzangu. Mama huyu ameona.” Halafu akanitazama akasema, “Wajukuu zangu wako Dar es Salaam, mkono huu hawaujui. Nikifa mtawaonyesha shati?”

Wasomaji wapenzi, neno hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli, nami ndimi niliyeufungia ule mkono kabatini.

Tangu siku ile nimejaribu kutafakari kosa langu lilikuwa nini. Nadhani ni hili: nalipima picha ya kazi kwa kipimo cha picha ya vitu. Shuleni tulifundishwa hivyo. Mwalimu alichora chungu ubaoni, nasi tukakinakili, na aliyekaribia zaidi alipata alama zaidi. Mimi nami nikawafundisha wengine vivyo hivyo. Kwa chungu kipimo hicho chafaa. Lakini mpigaji wa ngoma hakai kama chungu; yeye anatenda, na tendo lake ndilo lililotufanya tumwite. Ukichora vyote alivyo navyo ukaacha analolitenda, umeandika orodha ya mali yake, kama karani anayegawa urithi.

Tuangalie ngoma yenyewe. Mpigaji akitaka sauti nzito hupiga katikati ya ngozi kwa kiganja, na nguvu hutoka begani. Akitaka sauti kali hupiga ukingoni kwa vidole, na nguvu hutoka katika kifundo cha mkono. Akiuondoa mkono upesi, ngozi huvuma. Akiuacha ukalala juu yake, sauti hufa. Basi mikono iliyolazwa bapa, vidole kumi vimepangwa, ni mikono inayoizima ngoma. Mzee aliona hayo kwa mara moja, kwani yeye huisoma mikono kama sisi tunavyosoma herufi. Mwenye kuchora mpigaji na ajiulize swali moja tu: je, mpigaji mwenzake akiiona picha hii, atajua sauti gani inataka kutoka?

Mtu atasema, “Mkono wa mpigaji hauonekani kwa wepesi wake, utachorwaje?” Hapo ndipo fundi wa cherehani alipotuzidi wote. Nalimwuliza baadaye alifanyaje. Akajibu kwamba hakuufuata mkono ulipokwenda. Aliweka jicho lake mahali pamoja, pale ukingoni, akangoja. Mkono uliondoka, lakini ulirudi, ukaondoka tena ukarudi tena, na kila uliporudi aliandika mstari mmoja. Ngoma ina mwendo wake, na mwendo maana yake ni kurudi. Mchezaji huenda asikojulikana, ila mpigaji hurudi pale pale mara nyingi kabla wimbo haujaisha. Mama huyu anajua hayo kwa sababu ya sindano ya cherehani, ambayo haionekani ikishuka, lakini fundi anajua itashukia wapi. Alileta elimu ya kazi yake katika kazi ya kuchora, wala hakuna mwalimu aliyemfundisha.

Walakini nisije nikavuka mpaka nikasema kwamba picha chafu ndiyo njema. La. Picha ya mama yule ina makosa yake. Mzee amekaa hewani, kiti hakionekani, wala miguu haikuishika ngoma kama ilivyopasa. Ngoma yenyewe imeinama kwa namna ambayo ingeanguka. Bega linashuka vizuri, lakini uzito wa mwili haufiki chini. Naye kijana wa sekondari nimemtendea visivyo haki kama nikimdharau. Ngoma aliyoichora ni sahihi hata fundi wa kuchonga angeweza kuiunda tena kwa kuitazama karatasi ile: vigingi vimepigwa wapi, ngozi imewambwa namna gani. Picha ya namna hiyo ina faida kubwa. Katika Makumbusho ya Majimaji hapa Songea twaweka kumbukumbu za vita vya mwaka 1905 hata 1907, na za wale mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Nani asiyejua thamani ya kuvihifadhi vitu jinsi vilivyokuwa? Picha nyingi za wakati ule zilipigwa na wageni, kwa macho yao na kwa haja zao. Basi tukipata watoto wetu wenyewe wanaoweza kuandika kigingi kwa kigingi, tusiwavunje moyo. Ninachosema ni kwamba kijana yule alitoa ushahidi juu ya ngoma, naye mama alitoa ushahidi juu ya kupiga, nami nikausadiki mmoja tu.

Sasa ile ya mganda. Msomaji ajue kwamba mganda ni ndugu wa beni, ngoma iliyoenea Afrika ya Mashariki yote wakati wa Vita Kuu ya kwanza na baada yake, iliyoiga gwaride na bendi za askari. Ndiyo sababu ya mistari iliyonyoka, mashati meupe, na mwendo wa kijeshi. Wanaume hucheza mganda, na wanawake wa huko ziwani wana kioda yao. Lakini tarumbeta za shaba hazikupatikana vijijini, nao watu wakatengeneza vyao kwa vibuyu. Kibuyu hutobolewa, na penye tundu hubandikwa utando mwembamba wa buibui. Hapo ndipo penye siri: kibuyu hiki hakipulizwi. Mtu huimba ndani yake, na sauti yake huutetemesha utando, ndipo kinapotoka kile kishindo chenye mvumo. Anayeimba havimbishi mashavu.

Basi kijana wa pikipiki alipochora mashavu yaliyovimba, alimchora mpiga tarumbeta aliyemwona katika bendi au katika filamu, akamvika kibuyu. Jicho lake lilikuwa mbele ya mganda, lakini mkono wake ulifuata habari ya kale iliyokaa kichwani. Hakuna aliyemkemea. Vijana wa mganda walimpa kibuyu wakamwambia ajaribu. Akapuliza kwa nguvu zake zote, hakikutoka kitu ila pumzi. Wakamwambia aimbe. Akaimba kidogo, kibuyu kikalia kama nyuki, naye akashtuka akakitoa kinywani. Akaenda akachora tena. Picha ya pili ina mashavu yaliyotulia na koo lililonyoka, na ingawa soksi amezisahau, ni picha iliyo bora kuliko ya kwanza. Mwenye kuchora kazi asiyoijua na aombe kuishika kidogo. Kuuliza si ujinga.

Nanena sasa juu ya picha ya mtoto, ile niliyoiweka chini kwa kumtia moyo. Nimeirudia mara nyingi. Mikono mikubwa kuliko vichwa: je, ni kosa? Kwa kipimo cha rula, ndiyo. Lakini yeye peke yake kati ya wote 22 aliona kwamba ngoma haipigwi na mtu mmoja. Ngoma moja huuliza, nyingine hujibu, ya tatu hushika mwendo zisipotee. Wachezaji huisikia, na mpigaji huwatazama miguu yao. Sisi watu wazima tulimchagua kila mmoja wetu mtu wake tukamkata kutoka kwa wenziwe, kama mtu anayekata kichwa kimoja katika picha ya harusi. Hata mama fundi, aliyeuona mkono unaoita, hakuwachora walioitwa. Mtoto aliwachora.

Pengine wasomaji watauliza kama jambo hili ni letu tu. La, ni la zamani na la mahali pengi. Wakristo wengi wamemwona Mtakatifu Sesilia katika picha, msimamizi wa muziki, ambaye sikukuu yake ni tarehe 22 Novemba. Raphael, mchoraji wa Italia, alimchora mwanzoni mwa karne ya 16, na picha hiyo iko Bologna hata leo. Ajabu yake ni kwamba Sesilia hapigi kitu. Ameshika kinanda kidogo kimeinama, na vyombo vingine vya muziki vimelala chini miguuni pake, vingine vimevunjika, naye ameinua macho asikilize nyimbo za mbinguni. Mchoraji alikusudia hivyo: vyombo vya duniani vimenyamaza. Kwake kunyamaza ni maana ya picha. Lakini sisi tukimchora mzee wetu amenyamaza hali anapiga, hatukukusudia, tumekosa tu. Halafu huko Ufaransa, kama mwaka 1870, alikuwako Degas aliyechora wapigaji wa Opera ya Paris wakiwa kazini. Mbele kabisa alimweka rafiki yake Dihau, mpigaji wa zumari refu lenye sauti nzito, na wengine wamebanana kumzunguka, na wachezaji walio jukwaani amewakata vichwa kwa ukingo wa picha. Watu waliokuja kutazama wachezaji, yeye akawaonyesha wafanyakazi.

Karibu na kwetu kuna shauri jingine. Bibi Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi wake habari, nao wakaichora kwa fikira zao bila kuweka mtu mbele yao. Katika shule ile alitoka Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, aliyezichora kazi za kijiji cha Wachaga na watu wengi pamoja. Naye baada ya Uhuru alipelekwa London kuwa balozi wa Tanganyika. Hata ndani ya mkoa wetu huu wa Ruvuma, huko Tunduru, alizaliwa mwaka 1932 Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake sasa ni jina la namna ya kuchora inayojulikana duniani. Yeye alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akatumia rangi za kawaida za dukani, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Hakumwita chui asimame mbele yake, alimtoa moyoni.

Kwa hiyo wako wanaosema, “Njia yetu Waafrika ni kuchora kwa kumbukumbu, kumkalia mtu mbele na kumnakili ni mambo ya Ulaya.” Neno hili lina uzito, wala silikatai lote. Lakini nauliza: kumbukumbu hutoka wapi? Ghala isiyotiwa mahindi haitolewi mahindi. Ntiro aliweza kuvichora vijiji kwa fikira kwa sababu alikulia ndani yake. Mtoto wa Majengo wa leo ambaye hajapata kukaa karibu na ngoma hata jioni moja, tukimwambia achore kwa kumbukumbu, atatoa nini? Atatoa mashavu yaliyovimba. Basi kumtazama mpigaji aliye hai si kuifuata Ulaya. Ni kuijaza ghala. Baadaye na afunge daftari, achore kwa moyo apendavyo.

Wengine wamesema, “Siku hizi kila mtu ana simu, nayo hunasa sura na sauti na mwendo. Ya nini kalamu ya risasi?” Nami sisemi simu isitumike. Mikono ya mzee na irekodiwe, hata kesho. Lakini simu hunasa bila mwenye simu kutazama. Mara nyingi huinua simu juu na kuzungumza na jirani yake. Mtu aliyechora kwa saa nzima ametazama saa nzima, na mkono ule umeingia ndani yake. Mama fundi sasa akiusikia mwito wa ngoma kanisani huinua kichwa kabla ya wenziwe.

Kwa walimu wenzangu watakaopenda kufanya jambo hili vijijini mwao, natoa mashauri machache. Kwanza, ombeni ruhusa mbele ya wachoraji wote, ili mzee mwenyewe awafungulie macho. Pili, wasikilize kwanza bila karatasi, hata waijue ngoma ipi inauliza na ipi inajibu. Tatu, waanze na mgongo na mahali uzito ulipokalia, kisha bega, kisha mkono. Vifungo vya shati vitangoja. Nne, wasifute. Mstari uliokosea ni alama ya mahali mkono ulipopita. Tano, hukumu ya kwanza juu ya picha waachieni wapigaji, na alama za mwalimu zije nyuma. Sita, kumbukeni ya kwamba mcheza kwao hutunzwa. Sisi tuliwapa wapigaji soda moja moja tukawapigia makofi, na karatasi zote tukaondoka nazo. Hilo nalo lilikuwa kosa. Mtu aliyekupa mkono wake alasiri nzima hastahili kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mimi nimekwisha kuibadili mipango ya ule ukuta. Mbele ya mlango sasa iko picha ya makaa ya fundi wa cherehani, na kando yake ngoma safi ya yule kijana, ili mtazamaji aone ngoma na kupiga kwa pamoja. Na kati yao, sawa na macho, iko ya mtoto. Kijana wa sekondari hakufurahi aliposhushwa cheo. Nalimwambia kwamba kosa lilikuwa langu, maana ndimi niliyemfundisha kwamba kazi imekwisha ikiwa safi. Hakujibu. Lakini Jumamosi iliyofuata naliona ameacha raba nyumbani.

Mzee amekubali kuja tena, kwa sharti moja: kwamba baada ya kuchora, kila mchoraji naye akae mbele ya ngoma na kupiga mwito ule, hata mara tatu. Nami nalikaa. Mkono wangu uliokamata chaki miaka yote hii ulianguka juu ya ngozi kama mzigo, nayo ngoma ikanyamaza. Mzee akaushika kwenye kifundo, akautikisa kidogo ulegee, akasema, “Tena, Mwalimu.”

Ni mimi,
Mwalimu wenu, Majengo, Songea.